Stesheni ya Unga wa Ngano

Kama uliwahi kuanika betri za redio juu ya mabati ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya saa moja, basi wewe ni wa rika langu na hatuhitaji kujuana zaidi. Vuta kiti. Wale ambao hawakujua betri huanikwa kama mahindi, waendelee na simu zao. Tutawaita chai ikiiva.

Mimi nililelewa Ruiru miaka ya tisini, na nitasema ukweli wangu mapema: sikuwa mtoto wa nje. Wenzangu waliruka bladda, ile kamba ya mpira, mpaka giza likawafukuza, wakacheza kati wakikwepa mpira wa nailoni na soksi, wakarudi nyumbani na magoti yenye rangi ya udongo wa Ruiru, ule mwekundu ambao sabuni huusalimia tu na kupita. Mimi nilikuwa ndani. Nilikaa kwenye kiti kirefu cha sebuleni, miguu chini ya kitambaa alichofuma Mama, nikikata picha kutoka kalenda za zamani. Mama akinituma dukani, niliuliza kwanza kama kweli hakuna mtu mwingine wa kutumwa. Watoto wa ploti, majirani wa ua mmoja, walinibatiza jina Kochi. "Kochi, toka nje ujue jua linafanana aje!" Nilifunga pazia.

Hata treni niliijua kwa masikio. Asubuhi ilishuka kuelekea Nairobi, jioni ikapanda kurudi Thika, na mara zote mbili vikombe vya Mama vilitetemeka kabatini kama wazee kwenye baridi ya Agosti. Stesheni yenyewe haikuwa mbali na kwetu, lakini sikuwa nimeona sababu ya kwenda kuitazama. Si ilikuwa inakuja yenyewe?

Sasa, ili uelewe vita vilivyotokea, lazima nikueleze majina. Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Cucu yetu, yaani bibi yetu, aliitwa Wambui. Alikuwa na wana wawili wa kiume, na kila mmoja akampa Wambui wake. Mimi nikawa Wambui wa Ruiru. Binti ya Uncle, kaka mkubwa wa Baba, akawa Wambui wa Thika. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukavalishwa sweta zilizofumwa kutoka uzi mmoja, na tangu tujue kusimama tulikuwa tukipimwa urefu mgongo kwa mgongo kila Krismasi. Faida ya jina hilo ilikuwa moja. Baba alikuwa ananiita "mami," kwa sababu nilibeba jina la mama yake, na si rahisi kumchapa mtu unayemwita mami. Hasara ilikuwa kwamba Wambui wa Thika naye alikuwa na ulinzi huo huo, na aliutumia vibaya.

Yeye alikuwa kila kitu ambacho mimi sikuwa. Alipanda miti. Alipiga mluzi. Alinyoosha mistari bila rula. Alikuwa na kalamu za rangi zenye mfuko wa zipu, na aliongea nami kana kwamba yeye ni mji mkubwa na mimi ni kituo tu cha kupita. "Ruiru ni mahali watu wanateremka kununua ndizi," aliniambia. "Thika ndiyo mahali watu wanaenda."

Basi likizo moja ya Agosti, Tata Nyokabi, dada yao Baba na Uncle, akaja kutoka Uingereza alikokuwa nesi. Alileta sabuni za kunukia ambazo Cucu alizifungia kwenye sanduku na hakuziogea hata siku moja. Na akaleta treni.

Ndugu yangu msomaji, treni! Injini nyeusi yenye mkanda mwekundu, mabehewa mawili, na vipande vya reli ambavyo ukiviunganisha vinakuwa duara. Ilitumia betri kubwa mbili. Tata aliitandaza kwenye sakafu ya saruji nyumbani kwa Cucu, kule Kalimoni, akabonyeza, nayo ikaanza kwenda ikinguruma kama mtu anayesafisha koo kanisani. Kuku wa Cucu walitoka nje kwa mstari. Mimi, mtoto ambaye hakuwa ametaka chochote kilicho nje ya sebule, niliitaka treni ile. Hapa palikuwa na safari ambayo mtu angeweza kuitazama akiwa amekaa!

Tata pia alileta karatasi. Alikuwa amezinunua duka lingine, alituambia, kwa sababu zilikuwa nzuri. Kila karatasi ilikuwa imechapwa nyumba kwa rangi, kuta na paa zikiwa zimelala bapa kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa, na vimikia pembeni vya kupaka gundi. Ukikata, ukakunja, ukabandika, nyumba inasimama. Kulikuwa na stesheni, kanisa, kibanda cha kuuzia magazeti, na banda la injini lililo wazi mbele na nyuma ili treni ipite ndani. Kulikuwa hata na karatasi ya mzee wa stesheni akiwa na mbwa wake.

Tata alirudi Uingereza, akatuachia treni moja na Wambui wawili.

Tulianza kugombana kabla vumbi la teksi yake halijatulia. Cucu alitusikiliza akichambua maharagwe. Alipochoka, akachukua treni, akairudisha kwenye boksi, akakalia boksi.

"Hii si mbuzi," akasema. "Siwezi kuichinja niwagawie. Na treni bila stesheni ni mkebe unaokimbia. Anayeitaka aijengee. Mtarudi hapa kabla shule zifunguliwe, kila mtu na nyumba zake. Ikiingia kwa mtu na ikatoka bila kugonga, iende kwake."

"Na ikitoka kwa wote wawili?" Wambui wa Thika akauliza.

"Hiyo nitajua siku hiyo. Sasa ondokeni kwa mwangaza, sioni mawe kwa maharagwe."

Kwa kuwa Uncle ni mkubwa wa Baba, karatasi zenyewe, zile za rangi, zilikuwa za Thika. Sisi tuliruhusiwa kuzipitisha fotokopi Ruiru, kisha Baba azipeleke. Wambui wa Thika alinipa karatasi zile kwa vidole viwili. "Usizikunje," akasema. "Na usizipakie chai."

Fotokopi, siku hizo, haikuwa mchezo. Leo kila kona kuna mashine, na kijana anakukopia kitambulisho huku anatafuna njugu. Wakati ule mashine ilikaa kwenye chumba chake, imefunikwa kitambaa kama jeneza la mtu mashuhuri, na ikianza kazi mwangaza wa kijani ulipita ukutani na wewe ukanyamaza. Ya Ruiru tuliyoitegemea ilikuwa ya Mzee Juma, karibu na msikiti. Mzee Juma alizaliwa Majengo ya Thika, alivaa kofia yake ya kufuma na koti la kijivu, na alizungumza Kikuyu kizuri kuliko Baba. Alikuwa na moyo mkubwa. Naomba ulikumbuke neno hilo, moyo mkubwa, kwa sababu ndio uliotufikisha tulipofika.

Nilienda na kaka yangu Mwangi, ambaye alikuwa kidato cha pili na kwa hivyo alijua kila kitu. Mzee Juma alitazama karatasi ya kwanza, ile ya kibanda cha magazeti, akatikisa kichwa.

"Nani huyu aliweka picha ndogo hivi katikati ya karatasi kubwa?"

"Imetoka tu hivyo Uingereza, Mzee," Mwangi akasema.

"Uingereza karatasi ni rahisi. Hapa wewe unalipia karatasi nzima. Nikikupa nusu tupu, baba yako atasema Juma amemnyang'anya mtoto."

"Lakini Mzee..."

"Tulia, kijana. Mashine hii inakuza." Akabonyeza vitufe kwa kidole kimoja, kwa heshima, kama anayeamsha mgeni. "Nitawajazia karatasi."

Na akatujazia. Kila karatasi aliikuza mpaka ikagusa kingo. Mwangi, mjuzi wa kidato cha pili, akamshukuru. Mimi nilishukuru mara mbili. Tulitoka pale tukijiona tumeshinda Thika kabla hata hatujashika makasi, kwa sababu nyumba zetu zilikuwa kubwa na zao ndogo.

Nafikiri wewe umeshaona kosa. Sisi tuliliona siku tatu baadaye, nyumba zilipoanza kusimama mezani. Kanisa lilikuwa limejaa karatasi yake tangu mwanzo, kwa hivyo halikukua hata kidogo. Lakini kibanda cha magazeti, ambacho kilikuwa kidogo katikati ya karatasi yake, kilikuwa kimekua mpaka kikawa kirefu kuliko kanisa. Mzee wa stesheni angeweza kuegemea mnara na kukuna kengele. Mbwa wake alikuwa saizi ya ng'ombe wa maziwa, tena wa gredi, wale wakubwa wa kizungu. Banda la injini lilikuwa na mlango ambao hata lori la kahawa lingepita.

Baba alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni, akatazama mji wetu. L na R kwa Baba ni ndugu waliobadilishana nguo, na siku hiyo alizichanganya zaidi kwa kuzuia kicheko.

"Mami," akasema, "huyu mbwa ataramba treni aimareze."

Nililia. Nilitaka kurudi kwa Mzee Juma tukopi upya, lakini Baba alikuwa ameshazipeleka karatasi za asili Thika, na Wambui wa Thika hakuwa mtu wa kuombwa mara ya pili. Mwangi akasema tujenge tu hivyo hivyo. Kwani Cucu alisema lazima zilingane? Alisema treni iingie na itoke.

Basi tukajenga. Na hapa, watu wa rika langu, acheni nijivune kidogo, maana sisi watoto wa mtaala wa 8-4-4 tulifundishwa Sanaa na Ufundi. Tulifinyanga udongo, tulishona vishikizo, tulitengeneza vikapu ambavyo havikubeba hata yai. Mtoto wa siku hizi ukimpa makasi anatafuta mahali pa kuyachaji. Sisi hatukuwa na gundi ya dukani. Gundi ilikuwa unga wa ngano na maji, unakoroga kwenye sufuria ndogo mpaka ule uji unang'aa, unaupaka kwa kidole ukiwa moto, unalia kidogo, unaendelea. Karatasi zetu za fotokopi zilikuwa nyepesi, kwa hivyo tulizibandika kwanza kwenye katoni. Tulianza na katoni za sabuni za dukani. Zilipoisha, Mwangi akaleta boksi la viatu vya Baba, vile vya harusi yake, ambavyo vilivaliwa tu kwa mazishi na siku za wazazi shuleni.

Jumapili asubuhi tulisikia sauti kutoka chumbani. "Mama Mwangi! Viatu vyangu tangu lini vinarara nje kama mbwa?"

Lakini Mama alikuwa na kesi yake mwenyewe. Alikuwa amefungua mkebe wa unga wa ngano na kuona chini yake. Unga wa ngano, vijana wangu, ulikuwa wa chapati, na chapati zilikuwa za Krismasi na za wageni wanaovaa tai. Akaja sebuleni ameshika mkebe, akatazama paa la stesheni, akatazama kuta, akaelewa chapati zake zilipo.

"Sawa," akasema taratibu. "Krismasi kila mtu atakula stesheni. Wambui, wewe utakula kanisa."

Rangi ndiyo ilinisumbua zaidi, maana zao zilikuwa na rangi tayari na zetu zilikuwa nyeusi na nyeupe, kama habari mbaya. Kalamu zangu za rangi zilikuwa vipande vya urefu wa jino. Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho ploti nzima ilikizungumzia: nilitoka nje. Nilienda kuchota udongo mwekundu, nikaukoroga na maji, nikapaka paa, na paa likawa na rangi ya mabati yenye kutu ya Ruiru yenyewe. Anga ya madirishani nilipaka kwa bluu ya kufulia nguo. Kuta nilipaka manjano kutoka jikoni, kwa hivyo stesheni yetu ilinuka mchuzi. Majani ya ua yalitoa kijani. Watoto walikuja kunishangaa. "Kochi ametoka!" Wengine walikaa, wakaleta vijiti vya kuwa nguzo, na mmoja akaniuliza kwa nini stesheni ina jina la kizungu ambalo hakuna mtu anaweza kulisoma.

Swali zuri. Nilitaka kuandika RUIRU, lakini sikujua kibao chake kinafanana vipi. Mwangi akanipeleka. Kwa mara ya kwanza nikasimama pale kwenye stesheni yetu wenyewe, nikaona kibao, herufi nyeusi kwenye ubao, na reli mbili zikienda kulia na kushoto mpaka zinakutana. Zilinukia mafuta na chuma kilichopigwa jua. Nilikaa zaidi ya nilivyopanga. Nilirudi nyumbani, nikafunika jina la kizungu kwa kipande cha karatasi, nikaandika letu.

Siku ikafika. Mimi, Mwangi na Baba tulibeba mji wetu mpaka Kalimoni ndani ya beseni la kufulia, umefunikwa shuka. Uncle na Wambui wa Thika walikuwa wamefika. Mji wao ulikuwa umepangwa tayari kando ya reli, na lazima niseme, ulikuwa mzuri. Kila ukuta ulisimama wima. Matofali yalikuwa ya rangi ya matofali. Kulikuwa na theluji ya pamba juu ya paa. Kila kitu kililingana: mzee alitosha mlangoni, mbwa alitosha miguuni pa mzee. Wambui wa Thika alikuwa amevaa gauni la Jumapili ili afanane na mji wake.

Sisi tukafunua beseni. Kisha Uncle akaanza kucheka polepole, kutoka tumboni.

"Kibanda ni kikubwa kuliko kanisa," Wambui wa Thika akasema. "Ruiru mnaabudu magazeti?"

"Na huyo ni ng'ombe?" akaongeza.

"Ni mbwa," nikasema.

"Pole."

Cucu hakucheka. Alizunguka miji yote miwili mikono nyuma. Akainama kwenye paa letu. "Mbona hii inanuka mchuzi?" Hakungoja jibu. Akanyanyuka. "Thika ianze. Ni wakubwa."

Wambui wa Thika akabonyeza. Treni ikasafisha koo, ikaenda, ikapita kanisa la theluji, ikapita stesheni, na sisi wote tukainama kuitazama ikielekea banda la injini. Nilikuwa nimefumba jicho moja. Treni ikafika mlangoni, ikagonga paa, ikaingia nusu, ikalivaa banda lile kichwani kama kofia ya askari, ikaendelea na safari! Kimkia cha banda kilikuwa kimenasa kwenye uzio wao wa karatasi, na uzio kwenye stesheni. Mji wa Thika ukaondoka wote pamoja, ukimfuata dereva. Mzee wa stesheni alilala chini, mbwa wake juu yake.

Miaka mingi baadaye, Tata Nyokabi alitueleza kwa simu. Kumbe treni hizi nazo zina saizi kama viatu, na karatasi zile alizonunua duka lingine zilikuwa za treni ndogo zaidi. Hakuna fundi duniani angeweza kuziokoa. Lakini siku hiyo hatukujua. Tuliona tu Wambui wa Thika akitazama chini, ndani ya gauni lake la Jumapili.

"Ruiru," Cucu akasema.

Nilihamisha reli ikazunguka mji wetu. Tukabonyeza. Treni ikapita kanisa dogo, ikapita kibanda kikubwa, ikapita mbwa, ambaye kwa kweli alionekana kama angeiramba, na ikaufikia mlango wa banda letu. Ikaingia kama mbuzi anavyopita lango la shamba, kwa nafasi, bila kugusa kulia wala kushoto. Mwangi akaruka juu. Mzee Juma na moyo wake mkubwa! Nilikuwa nimefungua mdomo kupiga kelele.

Na treni ikanyamaza. Ndani ya banda. Ilikohoa kidogo, ikanyamaza kabisa.

"Betri zimekufa," Uncle akasema.

"Haijatoka!" Wambui wa Thika akapata sauti yake. "Cucu ulisema iingie na itoke. Haijatoka!"

Mwangi alitaka kuzianika, lakini Agosti ya Kalimoni haina jua la kumfufua hata kinyonga. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na betri nyingine mbili tu, na sote tulijua zilipo. Zilikuwa ndani ya redio ya Cucu, juu ya kabati, chini ya kitambaa chake. Na ilikuwa inakaribia saa ya matangazo ya vifo.

Kama wewe ni wa rika langu unajua maana yake. Cucu alikuwa akiacha chakula, akiacha mgeni, akiacha hata maombi, ili asikie nani amefariki, wa wapi, ameacha nani. Hakuna mtu aliyegusa redio ile. Hakuna mtu aliyethubutu hata kuitazama. Mimi nilitazama sakafu nikajua treni imenipotea.

Cucu aliinuka. Akaenda kabatini, akaondoa kitambaa, akageuza redio, akafungua mgongo wake.

"Mama, matangazo?" Baba akamuuliza mamake, kama mtu aliyeona mlima ukihama.

"Wafu wangoje kidogo," Cucu akasema. "Wao hawana haraka."

Akaniwekea betri mkononi. Zilikuwa na joto. Nikaziingiza, nikabonyeza, na treni ikatoka upande wa pili wa banda la Ruiru, polepole, safi, na Cucu akapiga makofi mawili kama anayekaribisha mtu kutoka safari.

Nilikuwa nimeshinda. Nilikumbatia boksi. Ndipo Cucu akamtazama Wambui wa Thika, ambaye alikuwa akiokota theluji yake sakafuni, na akaniuliza, "Wambui, hii reli ya kweli, ikitoka Ruiru inaenda wapi?"

Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Singeweza kusema sijui. "Inaenda Thika, Cucu."

"Basi na hii pia. Treni ni yako. Lakini kila shule zikifungwa utaibeba mwenyewe mpaka Thika, ikae huko, na utakaa nayo mpaka likizo iishe. Sijawahi kusikia reli inayoishia Ruiru."

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Hiyo ndiyo hukumu niliyopewa mimi Kochi, mtoto niliyetaka treni ili nisitoke nyumbani. Nilishinda tuzo ambayo lazima itembezwe.

Nilienda Desemba, nikaenda Aprili, nikaenda Agosti. Mara ya kwanza nililia njiani. Wambui wa Thika alinipokea na paa la banda lake limepasuliwa na kuinuliwa kwa vijiti vya kiberiti ili treni ipite, na hakusema chochote kuhusu mbwa. Alinifundisha kupiga mluzi. Mimi nilimfundisha kukaa. Injini yenyewe ilikufa kabla hatujaingia kidato cha kwanza, lakini kufikia hapo safari ilikuwa imeshakuwa mazoea na hakuna mtu aliyekumbuka kwamba treni ndiyo iliyoianzisha. Stesheni ya Ruiru ilikaa juu ya kabati la Mama miaka mingi, mpaka mende wakamaliza ule unga. Mama alisema angalau kuna aliyekula.

Leo Cucu hayupo, na jina lake lilitangazwa kwenye redio ile ile. Wambui wa Thika anaishi Mwihoko, ana watoto wasiopanda miti. Mimi bado niko Ruiru, karibu na nyumba ile ile, na bado nafunga pazia. Vikombe vyangu havitetemeki sana siku hizi. Labda treni zimekuwa na adabu, au kelele za magari ndizo zimezimeza. Watoto wetu wana treni ndani ya simu. Inakimbia mchana kutwa, haigongi, haikwami, haimalizi unga wa mtu, na wakiichoka wanaifuta kwa kidole. Siwalaumu. Lakini sijaona mtoto akiisafirisha ile ya simu mpaka Thika.

Juzi Wambui wa Thika alinitumia ujumbe. Mtoto wake wa mwisho amenunuliwa treni ya kweli, ya reli, na yeye amepata kwenye mtandao nyumba za kuchapa, za rangi, zote zimepimwa zikalingana na treni hiyo hiyo. "Nenda uchape zako," akaandika. "Tukutane Kalimoni. Safari hii najua saizi."

Nikaenda saiba, duka la kompyuta la hapa kwetu. Kijana aliyekaa pale alifungua karatasi zangu kwenye kompyuta, akaanza na kibanda cha magazeti, kidogo, katikati ya weupe mwingi.

"Mathe, nichape saizi yake, ama nijaze karatasi?"

Nilitazama kile kibanda. Nilitazama nafasi yote ile tupu.

"Jaza karatasi," nikamwambia.

"Lakini mathe, hii moja itakuwa kubwa kushinda kanisa."

"Najua," nikasema. "Wewe jaza tu."